Hospitali moja, waajiri wawili: baraza la wafanyakazi linaongozwa na nani, na chama kinaingilia mlango gani?

Mgebuka_Mkavu:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaozijua sheria za kazi upande wa afya.

Hospitali ni ya dayosisi, iko huku nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, na ina mkataba wa huduma na halmashauri. Watumishi wote ni 143. Wanaolipwa na dayosisi ni 96. Waliobaki 47 ni watumishi wa serikali walioletwa na halmashauri, mshahara wao unatoka Hazina. Wanachama wa TUGHE (chama cha wafanyakazi wa serikali na afya) tumehesabu 75. TALGWU (chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa) wana 9, wote upande wa serikali. Tawi limeshachagua viongozi. Menejimenti haina ugomvi, imesema leteni rasimu ya baraza tuione.

Sasa hapa ndipo tunapokwama. Mwenyekiti wa baraza ni nani, na je, mwenyekiti wa tawi anaweza kukalia kiti hicho? Halmashauri ikae wapi, maana nayo ni mwajiri wa watu 47? Je, 75 kati ya 143 inatosha kudai mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mshahara na masharti ya kazi)? Na mkutano wa kwanza uitishwe lini?

Kalinzi_Juu:

Mkuu, anza na lile la tatu, maana hilo ndilo litakalowaangusha mengine yote yakiwa sawa.

75 kati ya 143 ni asilimia 52, inapendeza machoni. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 67, inataka chama kiwe na wanachama wengi ndani ya kitengo cha majadiliano kinachofaa, siyo ndani ya geti la hospitali. Dayosisi haiwezi kujadili mshahara wa mtu anayelipwa na Hazina. Hata ikisaini, hiyo karatasi haitekelezeki. Kwa hiyo kitengo chenu cha kujadiliana na dayosisi ni wale 96 tu. Wale 47 majadiliano yao ya maslahi yako kwenye Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya 2003, na malimbikizo, upandishwaji vyeo na uhamisho wao vinasukumwa kupitia halmashauri.

Swali moja tu: kati ya hao 75, wa dayosisi ni wangapi?

Mgebuka_Mkavu:

44. Waliobaki 31 ni wa serikali.

Kalinzi_Juu:

Basi hamjafika. 44 kati ya 96 ni chini ya nusu. Mnahitaji 49, mmepungukiwa watu 5.

Kuna namna ya kubishana. Mtumishi wa menejimenti ya juu haruhusiwi kuwa kwenye chama kimoja na watumishi wa chini yake, kwa hiyo mnaweza kusema wasihesabiwe. Kama wapo 4, kitengo kinabaki na watu 92 na wengi wao ni 47. Hapo mnapungukiwa watu 3. Ila msijenge nyumba juu ya hoja hiyo. Nyie mtahesabu 92, mwajiri atahesabu 96, na mabishano hayo peke yake yatakula miezi. Kusanyeni kwa hesabu yake yeye, tena mfike 58 au 60 kabla ya kuandika barua. Sababu ni kwamba mkishatambuliwa kisha wanachama wakashuka chini ya nusu, mwajiri anaruhusiwa kuwapa notisi ya miezi 3 mrudishe wingi, mkishindwa utambulisho unaondoka. Mtu 1 akistaafu na mwingine akiacha kazi, 49 yenu imekwisha.

Ushahidi wa uanachama ni fomu TUF 6, ile ya kuidhinisha makato ya ada. Daftari la mahudhurio ya mkutano halisaidii kitu. Kinachoharibika kwenye fomu hizi ni vitu vidogo vidogo: jina la kwenye fomu halifanani na la kwenye orodha ya mishahara (Mariamu wa fomu ni Mary wa uhasibu), tarehe haikuandikwa, au mtu alisaini ya TUGHE na ya TALGWU kwa wakati mmoja. Mwanachama akitaka kutoka anatoa notisi ya maandishi ya mwezi 1 kwa mwajiri na kwa chama, haitoshi kutamka tu kwamba amejitoa. Kila fomu itoke nakala 3: ya mwajiri, ya tawi, ya mwanachama.

Mwajiri akishaipokea anaanza kukata, na anatakiwa kuwasilisha ada kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Akichelewa bila sababu ya msingi, sheria inamtoza asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku. Kwa siku! Wahasibu wengi hawaijui hiyo, waonyesheni mapema kwa upole, siyo kwa vitisho. Faida yake kwenu ni kwamba orodha ya makato ya mwezi ndiyo ushahidi ambao mwajiri hawezi kuukana, kwa sababu ameiandaa mwenyewe.

(Namba za vifungu natumia zile za sheria ilivyotungwa 2004. Ukiwa na toleo lililorekebishwa, linganisha kwanza.)

Bi_Mwandiga:

Kaka Mgebuka, nijibu la baraza, maana watu huchanganya meza mbili. Baraza la wafanyakazi ni meza ya ushirikishwaji: bajeti, mpango kazi, mafunzo, vifaa, usalama kazini, ratiba za zamu. Meza ya majadiliano ni nyingine, hapo ni chama na mwajiri peke yao, wanatoka na mkataba wa hali bora. Mambo ya meza ya pili yakipelekwa kwenye ya kwanza, yanaishia kwenye muhtasari kwa maneno "uongozi umelichukua". Hapo limekufa.

Mwenyekiti ni mkuu wa taasisi kwa cheo chake, kwenu ni Mganga Mfawidhi. Mila hiyo ni ya tangu Agizo la Rais Na. 1 la 1970 lililoanzisha mabaraza haya, na taasisi za umma zinaifuata mpaka leo. Kwa hospitali ya dayosisi mlango ni kifungu cha 73, jukwaa la ushirikishwaji kwa makubaliano kati ya mwajiri na chama kilichotambuliwa. Kwa hiyo muundo mnaujadili, lakini nisingewashauri mpigane kuhusu kiti. Mwenyekiti wa tawi akiwa mwenyekiti wa baraza, Mganga Mfawidhi atamtuma msaidizi, na msaidizi hana mamlaka ya kukubali wala kukataa lolote.

Pa kupigania ni ukatibu. Katibu na Katibu Msaidizi wachaguliwe na wajumbe, kutoka miongoni mwa wafanyakazi, kwa kura ya siri. Iandikwe wazi kwamba Afisa Utumishi hawezi kuwa Katibu. Yeye ni mdau muhimu, ana mafaili yote, lakini ndiye anayejibu hoja nyingi. Akiandaa ajenda mwenyewe, hoja ya ratiba ya zamu utaikuta namba 11, baada ya chakula, watu wanaangalia saa. Katibu ndiye anayepokea hoja, anakaa na kamati tendaji, anatoa ajenda na makabrasha. Wekeni siku 14 kabla ya mkutano. Siku 3 hazitoshi mtu wa wodini kuisoma bajeti.

Halmashauri: Mganga Mkuu wa Halmashauri aingie kama mwalikwa wa kudumu, anasema ila hapigi kura. Akipewa kura mtakuwa mmeuongezea upande wa mwajiri mtu. Asipoalikwa kabisa, kila hoja inayowahusu wale 47 na fedha za mfuko wa pamoja wa afya (zinazopitia halmashauri) itajibiwa "tutawasiliana na halmashauri". Wale 47 wachague wawakilishi kwenye vitengo vyao kama wengine, kwa sababu zamu, gloves na choo cha watumishi ni vyao pia. TALGWU wapeni kiti kimoja. Wapo 9 tu, ila mkiwafungia nje mnatengeneza mgogoro bila sababu.

Ukubwa wa baraza: kwa watu 143, wajumbe 25 hadi 30 wanatosha. Wakuu wa idara wasizidi theluthi. Viongozi wa tawi waingie kwa nafasi zao. Waliobaki watoke vitengoni: wodi, wagonjwa wa nje, maabara, dawa, mionzi, uhasibu na masjala. Na tafadhali, kufulia, jikoni, ulinzi na chumba cha maiti. Hawa husahaulika kila mara, wakati nusu ya hoja za usalama kazini ziko kwao. Yule wa kufulia ndiye anayekutana na sindano iliyoachwa ndani ya shuka.

Uchaguzi wa vitengo usifanywe saa 4 asubuhi ukumbini. Sanduku liwekwe kwa msimamizi wa zamu, lifunguliwe wakati wa makabidhiano ya asubuhi, likae mpaka makabidhiano ya kesho yake. Hapo zamu ya usiku nayo imepiga kura.

Akidi msiandike "nusu ya wajumbe" mkaishia hapo. Andikeni nusu ya kila upande.

Lini? Hapa kwenu kuna kalenda mbili, na ndiyo raha ya hospitali ya namna hii. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai na Bunge la bajeti linaanza Aprili. Mpango wa afya wa halmashauri unaokusanya vituo vyote unakuwa umeshafungwa kabla ya hapo. Baraza likikaa Mei kujadili bajeti, linajadili kitu ambacho kimeshafika Dodoma. Kikao cha kwanza kisivuke Januari. Sasa angalia mwaka wa fedha wa dayosisi: kama ni Januari hadi Desemba, bajeti ya mapato ya ndani (uchangiaji wa wagonjwa, bima) inaandaliwa Oktoba au Novemba. Kwenu basi vikao viwili vya kawaida viwe Oktoba na Januari, na taarifa ya utekelezaji iingie kwenye kile cha Oktoba. Msinakili mkataba wa baraza la hospitali ya mkoa. Tarehe zake hazitawafaa.

Afisa Kazi wa mkoa aalikwe kwenye uzinduzi, na Katibu wa TUGHE wa mkoa. Kutoka Kigoma mjini kupanda huko ni safari, kwa hiyo mafuta na posho viwe kwenye bajeti ya baraza, siyo kuchangishana asubuhi ile.

ReliYaKati:

Naomba nipingane kidogo na Bi Mwandiga. Kwa nini tukubali mwajiri awe mwenyekiti daima? Uskoti wana jukwaa la ubia la afya la taifa lenye pande tatu, serikali, waajiri na vyama, na kila upande una mwenyekiti mwenza. Kwenye kila bodi ya afya ya eneo, mwenyekiti wa upande wa wafanyakazi anaingia ndani ya bodi yenyewe kama mjumbe kamili mwenye kura. Huko usimamizi wa watumishi umewekwa kwenye sheria tangu 2004, sambamba na usimamizi wa tiba na wa fedha. Kwa nini hapa tuanze chini?

Bi_Mwandiga:

Sijakataa, ndugu. Ila angalia kinachowapa nguvu kule: ni kura ndani ya bodi pamoja na sheria inayoibana bodi. Kuongoza vikao kwa zamu peke yake kusingewafikisha hapo. Ukichukua wenyeviti wenza bila hayo mawili, umechukua fremu ukaacha picha. Kama Mgebuka anataka kuomba kitu kutoka kule, aombe kiti kimoja cha mwakilishi wa wafanyakazi kwenye bodi ya hospitali. Hilo dayosisi inaweza kulikubali bila sheria mpya, linahitaji tu kurekebisha kanuni za bodi.

Kwetu meza ya pande tatu iko juu zaidi. Lipo baraza la ushauri la masuala ya kazi, uchumi na jamii chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, ambamo serikali, waajiri na wafanyakazi wana idadi sawa ya wajumbe, pamoja na wataalamu. Zipo pia bodi za mishahara za kisekta zinazopendekeza kima cha chini, afya ikiwemo. Waajiri wanasemewa na ATE, wafanyakazi na TUCTA. Hoja ya kima cha chini ya hospitali binafsi inapita huko, baraza lenu haliwezi kuimaliza.

ReliYaKati:

Kiti kwenye bodi, nakubali. Hilo la fremu nitaliiba.

MtaaWaGungu:

Wote mmesema vizuri, lakini hakuna aliyesema watapataje hao watu 5. Kwa hotuba? Wachukulieni kikokotoo.

Mtu wa mshahara wa msingi 650,000 kwa mwezi, saa 45 kwa wiki. Jedwali la sheria linataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 mara saa za wiki, yaani karibu 195. Saa moja inakuwa kama shilingi 3,333. Usiku kisheria ni saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, saa 10. Kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5, sawa na shilingi 167 hivi. Zamu 1 ya usiku ni karibu 1,667. Zamu 8 kwa mwezi ni kama 13,300. Ada ya TUGHE ni asilimia 2, kwake ni 13,000. Mwonyeshe hati yake ya mshahara, mwulize nyongeza ya usiku iko mstari gani. Kama haipo, fomu ataiomba mwenyewe.

Zamu ya saa 12 nayo ina mtego. Siku ya kawaida ni saa 9 na wiki saa 45. Saa za ziada zinalipwa mara 1.5, kwa huyu ni kama 5,000 kwa saa, na zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki 4. Mwajiri anaweza kupanga zamu za saa 12 bila kulipa ziada, ila lazima yawepo makubaliano ya maandishi ya kubana wiki: siku zisizidi 5, na zile 45 za kawaida zisivukwe. Hospitali nyingi zinapanga saa 12 kwa mazoea, karatasi haipo. Hiyo ndiyo hoja yenu ya kwanza kwenye meza ya majadiliano. Haihitaji bajeti mpya ili ianze kuzungumzwa, na mwajiri naye anaihitaji hiyo karatasi kuliko nyie.

Kumbukeni pia mama mjamzito hapangiwi usiku katika miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua. Matroni anayepanga ratiba aibandike ukutani.

Mgebuka_Mkavu:

Nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Mawili ya mwisho. Tukifikisha idadi, tukaandika barua ya kutambuliwa, mwajiri akakaa kimya, tunafanyaje? Na vijana wa maabara wanauliza mgomo.

Kalinzi_Juu:

Mgomo wafute kichwani. Huduma za afya pamoja na maabara zake zimetajwa kwenye kifungu cha 77 kuwa huduma muhimu. Mlango uliopo ni mwembamba: makubaliano ya pamoja yanayoeleza huduma za chini zitakazoendelea wakati wa mgomo, yakathibitishwa na Kamati ya Huduma Muhimu. Bila hayo, mgogoro wa maslahi unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unasuluhishwa, ukishindikana unaamuliwa. Kwa kiongozi wa tawi hii inabadilisha maandalizi yote: badala ya kuhesabu watu wa kuandamana, unakusanya ratiba za zamu za miezi 6, hati za mishahara na mihtasari. Mwamuzi anasoma karatasi.

Karatasi hizo mna haki ya kuziomba. Chama kilichotambuliwa kinapewa taarifa zinazohitajika kwa majadiliano, isipokuwa za siri za mtu binafsi na za aina hiyo. Ombeni mapato na matumizi kwa vifungu, msiombe "hali ya fedha ya hospitali", maana mtajibiwa kwa sentensi moja.

Wawakilishi wa tawi pia wawe kwa idadi ya sheria, isije ikawa sababu ya kuwapinga: wanachama 21 hadi 100 ni wawakilishi 10, zaidi ya 100 ni 15 na angalau 5 kati yao wawakilishe wanawake. Wana haki ya muda unaofaa wenye malipo kwa kazi za chama. Andikeni saa ngapi kwa mwezi, vinginevyo kila ruhusa itakuwa fadhila ya msimamizi wa zamu.

Kuhusu ukimya: mwajiri akipokea notisi anatakiwa kukutana nanyi ndani ya siku 30 ili kufunga mkataba wa kutambuana. Asipokutana, au mkikutana msikubaliane, chama kinapeleka suala Tume kwa usuluhishi. Usuluhishi ukishindikana linakwenda Mahakama ya Kazi. Barua iende na fomu iliyowekwa, ieleze kitengo ("watumishi wote wa dayosisi hospitalini isipokuwa menejimenti ya juu"), na iambatane na orodha ya makato ya mwezi wa karibuni. Msiitume kwa WhatsApp. Ipelekwe masjala, na kitabu cha kupokelea barua kisainiwe. Nakala yenu igongwe muhuri wenye tarehe, maana siku 30 mtazihesabu kuanzia muhuri ule, siyo tarehe mliyoiandika juu ya barua.